Baba Hashiki Simu

Jumatatu, 1 Septemba

Daftari la kwanza limejaa. Jana nimelisoma nikaona haya: miezi minne ya utume katika nchi ya watu, na kurasa nyingi ni malalamiko ya soksi zisizokauka na mwenzangu anayekoroma. Katika hili la pili nitajitahidi kuandika kama mtu mzima.

Jumatatu ndiyo siku yetu. Siku nyingine sita ni za kanisa: kugonga milango, kufundisha wanaotaka kufundishwa, kutembelea wagonjwa, na Jumamosi kazi za mikono kwa yeyote mwenye shida. Jumatatu tunafua, tunanyoana nywele na kupiga simu nyumbani. Simu ni moja kwa wiki, saa saba mchana, dakika arobaini. Ndiyo kanuni, na mwenzangu anazijua kanuni zote kwa namba. Ndiyo maana namwita Katibu. Kila jioni anajaza ripoti: milango iliyogongwa, iliyofunguliwa, na iliyofungwa kwa kishindo. Hiyo safu ya tatu ameibuni mwenyewe.

Leo Mama alipokea simu akiwa mlangoni mwa karakana kama kawaida, akaweka sauti kubwa. Nyuma yake nikasikia randa ya Baba ikiparua ubao, shaa, shaa.

"Shikamoo, Baba!" nikapaza sauti.

Shaa, shaa.

"Kaitikia kwa kichwa," Mama akasema.

Mama yangu ni mtu wa sala na hasemi uongo, isipokuwa huo mmoja, ambao ameusema kila Jumatatu tangu nifike huku.

Nilipoondoka Baba alikuwa na kazi ya milango ishirini na minne ya shule, na mimi ndiye msaidizi wake tangu nina miaka kumi. Hakugomba. Alifuta mikono kwenye aproni, akasema: "Nimekufundisha kutengeneza milango, wewe unakwenda kuigonga. Haya, nenda. Ila simu yako mimi sishiki." Nilidhani hasira zingemwisha kabla sijafungua sanduku.

Jumanne, 2 Septemba

Milango 31, iliyofunguliwa 5, ya kishindo 2. Mmoja alifungua ili atuulize kama tumemwona paka wake.

Ijumaa, 5 Septemba

Mvua imeanza, na hapa haibipu, inapiga moja kwa moja. Tumelowa mpaka vitabu.

Nyumba ya mwisho mtaani kwetu anakaa mwalimu mstaafu, peke yake, katika vyumba viwili vyenye mlango mmoja na dirisha la nondo. Tulipogonga, lililofunguka ni dirisha.

"Vijana wa kanisa, semeni hapohapo. Huu mlango wakati wa mvua nikishaufunga siufungui mpaka niwe na sababu ya maana."

"Tunayo sababu ya maana, Mwalimu," Katibu akasema.

"Hiyo nitaipima mwenyewe. Endelea."

Alitusikiliza robo saa, mvua ikitupiga migongoni, akatusahihisha matamshi mara kumi na moja na kutuambia turudi tukiwa tumejiandaa. Mimi nusu ya masomo sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nautazama mlango wake. Ubao mzuri, mzito, wa zamani, umekaba kwenye fremu kama kiatu cha mwaka juzi. Miezi minne sijashika kitu ninachokijua, na hapa mbele yangu palikuwa na mlango mgonjwa. Nikasema, "Mwalimu, mimi ni mtoto wa fundi. Kesho nitakutengenezea."

Katibu alinitazama, akafungua kijitabu cha kanuni, akapata kwamba kazi za mikono zinaruhusiwa saa nne kwa wiki. Nadhani alisikitika kidogo kuikuta hiyo ruhusa.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimeazima randa kwa muuza vifaa vya ujenzi. Nimeupiga mlango wa Mwalimu upande wa kitasa, juu mpaka chini, maranda yakamwagika mpaka kwenye viatu vya Katibu. Ukafunga bila kelele. Mwalimu aliufungua na kuufunga mara sita, akatutengenezea chai, akaturuhusu kusoma sura nzima. Nilitembea kurudi nyumbani kichwa juu, utadhani nimejenga kanisa.

Jumatatu, 8 Septemba

Nilimhadithia Mama habari za mlango kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Nilipofika kwenye "nikaazima randa", ile randa ya kule nyuma ikanyamaza.

Nikaendelea kusema, roho juu. Nikafika kwenye chai. Randa ikarudi, shaa, shaa.

"Amesimama?" nikamnong'oneza Mama.

"Anapumua tu, mwanangu. Mzee naye ana mapafu."

Lakini mimi nimefanya kazi na yule mtu miaka kumi na moja. Baba hasimami katikati ya ubao ili apumue.

Jumatano, 10 Septemba

Mvua. Wagonjwa wawili. Katibu anapiga pasi mpaka leso.

Jumamosi, 13 Septemba

Mlango wa Mwalimu umekwama tena, na safari hii vibaya zaidi. Nikaupiga randa tena. Ukafunga. Halafu Mwalimu akaniita ndani, akaniambia nichuchumae nitazame upande wa kitasa. Mwanga wa nje ulikuwa unapita. Upepo nao ulikuwa unapita, na mvua ikaanza kuingia kwa adabu, tone moja moja, juu ya mkeka wake.

"Zamani nilikuwa na mlango usiofunguka," akasema. "Sasa nina usiofunguka na usioziba. Unaendelea vizuri."

Katibu hakucheka. Alitoa leso yake iliyopigwa pasi, akaikunja, akaichomeka kwenye ufa.

Jumatatu, 15 Septemba

"Mama, muulize Baba. Mlango umekwama, nimepiga randa mara mbili, bado unakwama."

Mama akauliza. Nilisikia kila neno la Mama, na baada ya hapo nikasikia randa ikiongeza mwendo.

"Ana kazi nyingi leo," Mama akasema.

Dakika arobaini ziliisha, na nyingine ishirini nilikaa nimeshika tama. Katibu alikuwa upande wa pili wa chumba akimpigia bibi yake, ambaye hasikii vizuri, kwa hiyo kila Jumatatu anamhadithia jambo moja mara tatu. Leo alimweleza mara tatu kwamba mwenzake ni fundi hodari. Sikujua ananisema hivyo kwa watu.

Jumatano, 17 Septemba

Hakuna la maana leo, milango 22, basi niandike ninachokiogopa.

Baba alikuwa na mdogo wake. Waligombana kwa sababu ya msumeno. Msumeno! Baba akasema, "Kwangu usikanyage," na baba mdogo hakukanyaga, na Baba hakumwita, miaka kumi na moja. Mama alienda kwa mmoja, akaenda kwa mwingine, mpaka akachoka. Kisha baba mdogo akafariki ghafla. Baba alitengeneza jeneza lake kwa mikono yake, siku mbili bila kulala, akaliwekea pembe za kupendeza kuliko kabati lolote alilowahi kuuza. Hakusema neno. Wakati wa kufunga ndipo nilipomsikia akisema, "Mdogo wangu, ingia ndani." Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimeshika bisibisi.

Baba yangu si mkatili. Ni mtu ambaye akishalitamka jambo hajui njia ya kulirudia. Nimebakiza miezi kumi na minne huku. Na yeye mwaka huu ametimiza miaka sitini na minne, na Mama anasema siku hizi anakaa chini kila baada ya ubao mmoja.

Jumatatu, 22 Septemba

Leo kuna jambo.

"Mama, mwambie Baba mlango bado."

Mama akamwambia. Randa ikasimama. Halafu nikasikia sauti yake, mbali, kavu, akimwambia Mama na si mimi:

"Muulize unachubuka wapi."

Maneno matatu! Nikaruka kitandani nikagonga kichwa kwenye rafu.

"Anauliza unachubuka wapi," Mama akasema.

Na mimi, mtoto wa fundi, nikajibu, "Kila mahali."

Nikasikia msonyo. Msonyo mrefu, wa kifundi, ambao nimeupata maisha yangu yote kwa kushika patasi vibaya. Katika hali ya kawaida ungeniudhi. Leo nilitamani niurekodi.

Tatizo ni kwamba jibu lenyewe siwezi kulipeleka mpaka Jumatatu ijayo. Nikamwomba Katibu dakika mbili tu za kesho. Akasema kanuni ya kumi na saba. Nikamwambia anayo kanuni mahali pa moyo. Alikwenda kuosha vyombo, na leo haikuwa zamu yake.

Jumanne, 23 Septemba

Tumepita kwa Mwalimu kuutazama mlango. Unachubuka pembe ya juu, upande wa kitasa. Chini upande huohuo unaburuza sakafu. Pembeni mwa bawaba ya juu kuna nafasi ya kupitisha kidole. Nimechora. Nimemwomba Katibu msamaha kwa lile neno la moyo. Akasema amelisamehe, lakini atanyamaza mpaka kesho ili ahakikishe.

Jumamosi, 27 Septemba

Mvua siku tano mfululizo. Mfereji wa mtaani umejaa takataka, maji yanapita barabarani. Tumezibua na vijana wengine wa kanisa saa nne nzima, yakarudi palepale.

Jumatatu, 29 Septemba

Nilisoma maelezo yangu kama mtihani: pembe ya juu, upande wa kitasa, nafasi kwenye bawaba.

Kule nyuma kitu kiliwekwa mezani kwa nguvu.

"Haujavimba! Umeinama! Bawaba ya juu imelegea. Kaukata mlango wa watu kwa kosa la skrubu tatu!"

Mama akageukia simu. "Baba yako anasema mlango umevimba, ulegeze bawaba."

"Sikusema hivyo! Aikaze!"

"Anasema uikate."

"Aikaze, aikaze! Kama skrubu hazishiki, azitoe, achonge vijiti, apake gundi, ajaze matundu, asubiri ikauke, ndipo arudishe skrubu."

"Anasema utoe gundi kwenye matundu, usubiri vijiti viote."

"Vijiti viote! Wewe mama, umekaa na fundi miaka thelathini unasema nini?"

Nilikuwa nacheka huku machozi yananitoka. Baba alikuwa amesogea karibu hivi kwamba nilimsikia anavyohema. Simu ilikuwa labda hatua mbili kutoka mkononi mwake. Nikasema, "Baba, nimesikia. Ahsante. Shikamoo."

Hatua zikarudi nyuma. Randa ikaanza.

"Kaitikia kwa kichwa," Mama akasema, na hata yeye sauti ilimpungua.

Jumamosi, 4 Oktoba

Leo ndiyo siku yetu ya kazi, na kazi yenyewe nimeilipua. Naandika ukweli kwa sababu hakuna anayesoma.

Nilitoa skrubu za bawaba ya juu. Matundu yamepanuka, ubao wa fremu umelainika kwa maji. Ilitakiwa vijiti, gundi, na kusubiri siku nzima mlango ukiwa chini. Mvua ilikuwa inakuja, Mwalimu hawezi kukaa bila mlango, na saa nne zetu zilikuwa zinaisha. Nikapiga misumari. Misumari minne mirefu. Baba akisikia mtu amepiga misumari kwenye bawaba huwa anasimama anatoka nje.

Ukashika. Ukafunga vizuri. Mwalimu akasema, "Hongera, umefaulu." Sikuweza kumtazama.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimemwambia Mama mlango umepona. Randa haikusimama. Nahisi anajua.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nitaandika taratibu.

Mvua kubwa ilianza alfajiri. Saa tano mfereji ulifurika na mtaa mzima ukawa maji. Tulikuwa tunawasaidia watu kupandisha magodoro juu ya meza, nyumba hadi nyumba. Tulipofika kwa Mwalimu maji yalikuwa juu ya vifundo vya miguu na yeye alikuwa dirishani, ameshika nondo.

"Mlango wako umeanguka nusu," akasema. Hakupiga kelele. Nadhani miaka yote ile darasani ilimfundisha kutopiga kelele.

Misumari ilikuwa imeng'oka na kipande cha fremu. Mlango ulining'inia kwenye bawaba ya chini tu, umelala mshazari, na ulimi wa kitasa umekaba kiasi kwamba ufunguo hauzunguki. Mlango unafunguka kwa ndani. Dirisha lina nondo. Nikauweka bega nikausukuma kwa nguvu zote, fremu ikalia juu ya kichwa changu, na Mwalimu akasema kwa ndani, "Unakuja juu yangu."

Nikaacha. Maji yalikuwa yanapanda. Mwanamke wa miaka zaidi ya sabini amefungiwa ndani na mlango niliouharibu mimi, kwa kiburi changu, na sikujua pa kuanzia. Nilisimama pale kama gogo.

Katibu akachomoa simu kutoka kwenye mfuko wa plastiki na kunishikisha.

"Leo Alhamisi," nikasema. Yaani hata wakati ule nilisema hivyo.

"Piga," akasema. "Kwenye ripoti nitaandika nimepiga mimi."

Mama alipokea. Nikamwambia kwa pumzi moja: Mwalimu yuko ndani, maji, bawaba ya juu imeng'oka, kitasa kimekaba. Sikuwa nimemaliza nikasikia, "Lete hapa," na kishindo, na kisha ile sauti, sikioni kwangu kabisa, kwa mara ya kwanza katika miezi mitano na zaidi.

"Usisukume!"

"Nimeshaacha, Baba."

"Unafungukia ndani au nje?"

"Ndani."

"Basi bawaba ziko upande wake. Hiyo ya chini inashika?"

Nikamuuliza Mwalimu, nikamrudishia Baba. "Inashika."

"Ina pini inayochomoka? Kichwa chake kinaonekana kwa juu?"

"Mwalimu, pitisha kidole kwenye bawaba, kuna kichwa cha pini kwa juu?"

"Kipo. Kina kutu."

"Kina kutu, Baba."

"Kutu si kitu. Achukue kisu cha mezani na kitu cha kugongea. Ncha ya kisu chini ya kichwa, agonge kwenda juu. Ana nguvu mkononi huyo mama?"

Nikauliza. Mwalimu akajibu kutoka ndani, "Mwambie mzee wako nimewanyoosha watoto wa mtaa huu miaka thelathini na nane."

Baba akaguna. Lilikuwa guno la heshima.

"Sasa nisikilize vizuri. Kabla hajagonga, asimame upande wa kitasa, anyooshe mkono tu. Asisimame upande wa bawaba hata kwa sekunde. Pini ikitoka, mlango utaangukia huko. Mwambie, halafu mwambie akurudie alichosikia."

Nikamwambia. Akarudia neno kwa neno, kama mwanafunzi bora. Kisha tukasikia akigonga. Kisu kiliteleza mara tatu. Katibu alikuwa amepiga magoti kwenye maji, anasali waziwazi, mikono imeshika kizingiti. Baba sikioni nilimsikia tu anahema, na nikajua amefumba macho, kwa sababu hivyo ndivyo anavyosikiliza ubao.

"Imetoka!" Mwalimu akasema.

"Imetoka, Baba."

"Sasa goti. Chini, upande wa bawaba. Sukuma polepole, uuache ushuke wenyewe."

Nikasukuma kwa goti. Mlango ukateleza, ukalala ndani ya maji kwa kishindo kilichoturushia matope usoni. Mwalimu alikuwa amesimama upande wa kitasa, pochi begani, kisu mkononi. Akapita juu ya mlango wake kama anayevuka daraja na kumkabidhi Katibu kisu.

"Ametoka?" Baba akauliza.

"Ametoka. Hana hata mchubuko."

"Na wewe?"

"Mzima."

"Ilikuwaje bawaba ikang'oka na fremu?"

Ningeweza kusema ni mvua. "Misumari, Baba. Nilipiga misumari."

"Nani alikufundisha kupiga misumari kwenye bawaba?"

"Si wewe."

"Si mimi," akasema. Akahema. Nilijua atakata simu, na kwa sababu sikuwa na neno lingine lolote kichwani, lilitoka lile la mazoea.

"Shikamoo, Baba."

Ilichukua muda. Nilihesabu matone kwenye ukingo wa paa, yalikuwa manne.

"Marahaba," akasema, na simu ikakatika.

Nililia pale kwenye maji, mbele ya mtaa mzima, na Mwalimu akaniambia nikilia nisisimame katikati ya njia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Maji yameondoka, yameacha matope. Mkuu wetu wa utume amepiga kuuliza habari ya simu ya Alhamisi iliyoandikwa kwenye ripoti. Katibu alimsomea kanuni ya arobaini na moja, ya kuokoa maisha. Kumbe ipo, aliisoma usiku kabla hajalala. Mkuu akacheka, akauliza Mwalimu anaendeleaje.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nilipiga saa saba kamili. Mama peke yake. Hakuna randa.

"Amepeleka milango ya shule," akasema.

Nilinyong'onyea. Nikawaza basi, ilikuwa dharura tu, hata adui angeshika simu siku ile. Mama akaacha ninyong'onyee kidogo, kisha akasema:

"Kaacha maelezo. Kayaandika kwa penseli kwenye kipande cha ubao ili mimi nisiyaharibu. Nakusomea."

Yalikuwa mistari kumi na miwili, vipimo, aina ya gundi, jinsi ya kubandika kipande kipya cha fremu, na kipande cha kuziba nilikokata zaidi. Nikaandika yote. Kisha nikamuuliza Mama jambo ambalo lilinisumbua tangu ile siku ya vijiti kuota.

"Mama, hivi kweli hukuelewa?"

"Mwanangu, nani alikuwa anamchanganyia mzee gundi wewe ukiwa bado hujazaliwa? Nilielewa neno la kwanza. Ila baba yako ukimbembeleza anakaza shingo. Ukimharibia kazi, anakuja mbio."

Jumamosi, 18 Oktoba

Vijiti, gundi, skrubu mpya. Jana mlango ulilala kwenye meza mbili, na Mwalimu akalala kwa jirani. Katibu alichonga vijiti tisa, sita vinafaa. Leo tumeurudisha, na haufanyi hata kelele. Sijasikia fahari yoyote, nimesikia nafuu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Baba hayupo, amekwenda kununua mbao. Kabla hajaondoka Mama alimwambia Jumamosi ningeutengeneza mlango kama alivyoandika. Eti alisema, "Sawa."

Alhamisi, 23 Oktoba

Jua saa nzima! Tumeanika kila kitu mpaka Biblia. Mwalimu ametualika ndani kwa mara ya tatu. Hajasema atakuja kanisani. Amesema atatuambia tukiacha kumtazama kama wauza duka.

Jumatatu, 27 Oktoba

Randa imerudi. "Shikamoo, Baba." Ikasimama, ikaendelea. Hakuna marahaba. Nimejiambia nishukuru kwa ile moja, watu wengine hawakupata hata hiyo. Nimejiambia hivyo tangu saa nane na sasa ni saa kumi na moja.

Mwishoni Mama akasema, "Jumatatu ijayo mimi sipo, nina kikao cha kina mama. Wewe piga tu."

"Nimpigie nani sasa?"

"Piga tu," akarudia, na nikamsikia anajizuia kucheka.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua imekwisha. Niliamka saa kumi na moja, nikafua, nikafua tena vilivyokuwa safi. Katibu alininyoa akasema nikitikisika tena atanikata sikio.

Saa saba. Haikuita hata mara mbili.

"Haloo."

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mbona umechelewa?"

"Ni saa saba kamili, Baba."

"Nimekaa hapa tangu saa tano." Akakohoa. "Haya, sema. Mlango gani umekwama?"

Nilitafuta. Kweli nilitafuta mlango. Nilipitia mtaa mzima kichwani, nyumba kwa nyumba, na jua lilikuwa limeikausha yote.

"Hakuna, Baba. Yote inafunguka."

Katibu, aliyekuwa kitandani kwake na simu ya bibi yake sikioni, aliacha kusema. Niliogopa kwamba nimefunga kitu kwa mkono wangu mwenyewe, kwamba angesema haya basi na kurudi kwenye ubao wake, kwa kuwa mimi na yeye hatujawahi kuzungumza jambo lolote ambalo si mbao.

"Sasa hiyo kazi yako," akasema hatimaye. "Unagonga. Mtu anafungua. Halafu unamwambia nini?"

"Unataka nikwambie?"

"Si nimekuuliza?"

Nikasimama. Sijui kwa nini nilisimama. Nikamwambia kama ninavyowaambia watu, tangu salamu, sisi ni nani, tumetoka wapi, tumebeba habari gani na kwa nini tuliacha kwetu kuileta. Huwa inachukua dakika tatu. Watu wengi hawafiki dakika ya pili. Nilisema yote, sauti ikinikatikakatika, na yeye hakunikatiza hata mara moja.

Nilipomaliza alivuta pumzi kwa pua kama anavyofanya akipitisha kiganja juu ya kazi iliyokamilika, akitafuta palipokwaruza.

"Mimi ningekufungulia," akasema.